Kufyonza Makohozi ya Mgonjwa Mahututi: Nani Anamkinga Nani?

Mtu wa Kabeza, jijini Kigali, akizidiwa usiku na ugonjwa wa kifua, ndugu zake hutafuta gari la kumfikisha Kanombe, iliko Hospitali ya Jeshi, kwa kuwa ndiyo hospitali kubwa iliyo karibu. Wengine hupelekwa hospitali ya King Faisal kule Kacyiru, au ya CHUK. Hali ikiwa mbaya kabisa mgonjwa huingizwa ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, hulazwa kwa dawa ya usingizi, huwekewa mpira unaopita mdomoni hadi ndani ya njia ya hewa, na mashine huanza kumpumulia. Kuanzia hapo ndugu hubaki nje ya mlango, na maswali yao mengi huwa ya mashine: je, ipo, inafanya kazi, inalipiwa faranga ngapi kwa siku? Ni wachache wanaouliza kuhusu kazi ndogo inayorudiwa mchana na usiku kando ya mashine hiyo, pale muuguzi anapopitisha mrija mwembamba ndani ya ule mpira ili kuvuta makohozi yaliyokwama.

Kazi hiyo huchukua sekunde chache. Katika sekunde hizo vijidudu vinaweza kupita pande mbili: kutoka mikononi mwa muuguzi kwenda mapafuni mwa mgonjwa, na kutoka mapafuni mwa mgonjwa kwenda machoni, puani na mikononi mwa muuguzi. Mara nyingi pande hizi huzungumzwa kana kwamba ni mambo mawili. La kwanza huitwa ubora wa huduma na kukabidhiwa wakuu wa wodi. La pili huitwa usalama kazini na kusubiri mlipuko wa ugonjwa ndipo likumbukwe. Uchambuzi huu unashikilia kwamba ni jambo moja, na kwamba yaliyotokea Kigali mwaka 2024 yamelithibitisha kwa gharama kubwa.

Mpira unaookoa na kudhuru

Mtu mzima mwenye afya analindwa na mambo mengi asiyoyafikiria. Pua huchuja hewa na kuitia joto na unyevu. Kidaka tonge hufunika njia ya hewa tunapomeza. Vinyweleo vidogo ndani ya njia ya hewa husukuma ute kuelekea juu, na kikohozi humalizia kazi hiyo. Mpira wa kupumulia huvunja ulinzi huu wote kwa pamoja. Hewa haipiti tena puani, koo hubaki wazi, na mgonjwa aliyelazwa kwa dawa hana nguvu ya kukohoa. Ndiyo maana ni lazima mtu mwingine amtolee makohozi.

Karibu na ncha ya mpira kuna puto dogo linalojazwa hewa ili kuziba nafasi kati ya mpira na ukuta wa njia ya hewa. Puto hilo huzuia sehemu kubwa ya mate, lakini halizuii yote. Mate yaliyojaa bakteria za mdomoni na tumboni hukusanyika juu yake, kisha hupenya kidogo kidogo kwenye mikunjo yake. Ndani ya mpira wenyewe bakteria hujijengea utando unaong'ang'ania plastiki, na dawa hazifiki kwa urahisi ndani ya utando huo. Kila mrija wa kufyonzea unapopita unaweza kubandua vipande vya utando na kuvisukuma chini zaidi. Kwa hiyo kifaa kilekile kinachosafisha kinaweza pia kupanda ugonjwa.

Ugonjwa huo ni nimonia ya mashine, yaani nimonia inayojitokeza baada ya mgonjwa kukaa kwenye mashine kwa zaidi ya saa 48. Bakteria zinazotajwa sana ni Klebsiella, Acinetobacter, Pseudomonas na Staphylococcus aureus. Hizi ndizo zinazojulikana duniani kote kwa kuwa sugu kwa antibiotiki, na Acinetobacter ina sifa nyingine mbaya: huweza kuishi siku nyingi kwenye sehemu kavu kama vile reli ya kitanda, vitufe vya mashine na meza ya dawa. Mgonjwa aliyeletwa kwa sababu ya ajali ya pikipiki anaweza kupona jeraha la kichwa, kisha akafa kwa nimonia aliyoipatia kitandani.

Elimu ya kumpumulia na kumfyonza mgonjwa ina umri wa miaka 70 na ushei. Mwezi Agosti 1952, mjini Copenhagen, polio ililemaza misuli ya kupumua ya watu wengi kuliko mashine zilizokuwapo. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alipendekeza wagonjwa watobolewe shingoni, wawekewe mpira, wafyonzwe ute na kupuliziwa hewa kwa mkono kwa kutumia mfuko wa mpira. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kazi hiyo kwa miezi, vifo vikapungua sana, na wazo la ICU likazaliwa. Kilichookoa watu pale kilikuwa mikono mingi iliyopangwa vizuri kando ya kila kitanda. Hilo ni la kukumbuka kila tunapohesabu mashine na kusahau kuhesabu wauguzi.

Ufyonzaji ulio sahihi una sura gani

Swali la kwanza ni lini. Katika wodi nyingi mgonjwa alizoea kufyonzwa kwa saa, kila baada ya saa mbili, ahitaji asihitaji. Miongozo ya kitaalamu, ukiwamo ule wa chama cha wataalamu wa tiba ya upumuaji cha Marekani wa mwaka 2010 na ule ulioufuata mwaka 2022, inasema mgonjwa afyonzwe pale dalili zinapoonekana: mlio wa makohozi unaposikika kifuani, makohozi yanapoonekana ndani ya mpira, mchoro wa hewa kwenye skrini unapokuwa na meno kama ya msumeno, shinikizo la mashine linapopanda au oksijeni inaposhuka bila sababu nyingine. Kufyonza pasipo haja hukwaruza utando wa ndani wa njia ya hewa, hushusha oksijeni, huweza kuyumbisha mapigo ya moyo, na kila mara hufungua mlango kwa vijidudu. Njia ya kwanza ya kupunguza maambukizo, basi, haigharimu chochote: ni kuacha ufyonzaji usiohitajika. Lakini muuguzi asidhani ameruhusiwa kukaa. Kuacha saa na kufuata dalili kunamtaka amsikilize na kumtazama mgonjwa mara nyingi zaidi.

Swali la pili ni vipi. Mikono husafishwa kabla ya kumgusa mgonjwa, na tena kabla ya kushika mrija. Mgonjwa hupewa oksijeni ya asilimia 100 kwa sekunde 30 hadi 60. Mrija huchaguliwa ili unene wake usizidi nusu ya kipenyo cha ndani cha mpira. Kwa mpira wa milimita 8, mrija namba 12 unatosha. Huingizwa bila kuvuta, kisha huvutwa nje huku ukifyonza, na shughuli nzima isizidi sekunde 15. Nguvu ya kuvuta inayotumika zaidi kwa mtu mzima ni kati ya milimita 80 na 150 za zebaki. Kumwaga maji ya chumvi ndani ya mpira ili kulainisha makohozi, desturi iliyoshika mizizi katika wodi nyingi, hakupendekezwi kuwa jambo la kila mara, kwa kuwa faida yake haijathibitika na maji hayo yanaweza kuteremsha bakteria hadi chini mapafuni. Makohozi mazito hulainishwa kwa hewa yenye unyevu na joto la kutosha.

Swali la tatu ni kwa kitu gani, na hapa ndipo penye hatari nyingi zaidi katika hospitali zisizo na vifaa vya kutosha. Katika ufyonzaji wa wazi, ambapo mgonjwa huchomolewa kwenye mashine kwa muda, mrija unapaswa kuwa mpya, usio na vijidudu, na utupwe baada ya shughuli hiyo. Mirija inapoadimika, kishawishi ni kuuhifadhi uliotumika ndani ya bakuli la maji kando ya kitanda ili utumike tena baada ya saa moja. Maji ya bakuli lile, yaliyokwisha kuguswa na makohozi na kukaa kwenye joto la wodi, ni mahali pazuri pa kuoteshea Pseudomonas. Ubaya huongezeka bakuli moja likihudumia vitanda viwili. Anayetaka kujua hali ya udhibiti wa maambukizo katika ICU yoyote na aanze kwa kutafuta bakuli hilo. Maji ya kusuuzia mpira mrefu wa mashine ya kufyonzea yawe yaliyotakaswa, yawe ya mgonjwa mmoja, na yamwagwe yakishatumika. Chupa inayokusanya makohozi isiachwe ijae, na kila mgonjwa awe na yake.

Kosa jingine ni kuanzia mdomoni na kuishia kwenye mapafu kwa mrija uleule. Mdomo wa mgonjwa mahututi una bakteria nyingi kuliko njia yake ya hewa. Mrija uliopita mdomoni kamwe usiingie ndani ya mpira.

Mambo yanayozunguka mrija

Ufyonzaji hausimami peke yake, na muuguzi anayefyonza vizuri huku mgonjwa amelala chali kabisa anafanya kazi inayobomolewa. Mwaka 1999 watafiti wa Barcelona walichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa walioinuliwa kichwa na kifua kwa nyuzi 45 na wale waliolazwa tambarare. Nimonia iliyothibitishwa maabara iliwapata asilimia 5 ya kundi la kwanza na asilimia 23 ya kundi la pili. Utafiti ulikuwa mdogo, wa watu 86, lakini hatua yenyewe haihitaji mashine wala dawa. Inahitaji kitanda kinachoinuka, au mito na mbao pale kisipoinuka, isipokuwa jeraha la mgonjwa likikataza.

Puto la mpira nalo linahitaji kupimwa. Shinikizo lake likae kati ya sentimita 20 na 30 za maji: chini ya hapo mate hupenya, juu ya hapo ukuta wa njia ya hewa huumia. Kipimo chake ni kidogo na hudumu, lakini kikikosekana puto hukadiriwa kwa kubonyeza kwa vidole, na makadirio hayo hukosea mara nyingi. Mdomo usafishwe kwa mswaki. Kwa miaka mingi wodi zilisisitiza kusukutua kwa dawa ya klorheksidini. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 umeacha kuipendekeza, baada ya tafiti kutia shaka kwamba huenda inaongeza vifo, ukabakiza mswaki. Hii ni habari njema kwa hospitali yenye bajeti ndogo, kwani mswaki hupatikana hata soko la Kabeza.

Juu ya yote, kinga kubwa kuliko zote ni kuutoa mpira mapema. Kila siku mgonjwa apunguziwe dawa ya usingizi na kujaribiwa kama anaweza kupumua mwenyewe. Siku moja aliyopunguziwa kwenye mashine inaondoa ufyonzaji wote wa siku hiyo, pamoja na hatari zake.

Mfumo wazi au mfumo uliofungwa

Mjadala unaosikika sana kila janga linapopita ni wa kununua mifumo iliyofungwa. Katika mfumo huu mrija wa kufyonzea hukaa ndani ya mfuko wa plastiki uliounganishwa moja kwa moja na mpira, hivyo mgonjwa hafunguliwi. Faida zake ni za kweli. Oksijeni haishuki sana, mapafu hayanywei, muuguzi mmoja anaweza kufyonza peke yake, na matone hayarukii watu. Lakini ukweli usemwe wote: tafiti zilizolinganisha mifumo hii miwili hazijaonyesha kwa uhakika kwamba uliofungwa unapunguza nimonia ya mashine. Utando wa bakteria uko ndani ya mpira uleule, mate yanapita kando ya puto lilelile, na mikono inayoshika kiungo ni ileile.

Kwa hiyo anayeununua ili kumkinga mgonjwa na nimonia anaweza kuvunjika moyo. Anayeununua ili kumkinga mgonjwa mwenye mapafu mabovu asipoteze oksijeni, na kumkinga muuguzi dhidi ya matone, ana sababu nzuri. Kwa hospitali isiyoweza kuwapatia wagonjwa wote, busara ni kuutenga kwa wenye kifua kikuu, homa kali za virusi, UVIKO na wanaohitaji shinikizo kubwa la mashine, huku mirija ya kawaida ya matumizi ya mara moja ikihakikishwa kwa wengine wote. Mfumo ghali kwa watu wawili huku wanane wakirudishiwa mirija ya bakuli ni hesabu mbovu.

Upande wa pili wa mrija

Tarehe 27 Septemba 2024, Wizara ya Afya ya Rwanda ilitangaza kwamba ugonjwa wa virusi vya Marburg umeingia nchini kwa mara ya kwanza. Uchunguzi ulifuatilia chanzo hadi kwa mchimba madini kijana, aliyefanya kazi kwenye pango lenye popo wa matunda. Lakini watu wengi walioambukizwa hawakuwahi kufika pangoni. Kati ya wagonjwa 66 waliothibitishwa, karibu asilimia 80 walikuwa wahudumu wa afya, na wengi wao walifanya kazi katika hospitali kubwa za Kigali, wakiwamo wauguzi na madaktari wa ICU. Waliwahudumia wagonjwa wa kwanza kabla ya ugonjwa kujulikana, katika nchi ambako homa kali humfanya kila mtu aifikirie malaria kwanza.

Marburg haienei hewani kama surua. Huenea kwa kugusa damu, matapishi, mate na majimaji mengine ya mwili wa mgonjwa. Hakuna sehemu ya hospitali yenye kugusana huko kwa wingi na kwa ukaribu kama kitanda cha mgonjwa aliye kwenye mashine. Kumwekea mpira, kumfyonza, kumgeuza, kumsafisha mdomo, kubadilisha chupa ya makohozi: kila tendo linauweka uso wa muuguzi karibu na mdomo wa mgonjwa. Haiwezekani kusema ni tendo lipi lilimwambukiza nani. Inawezekana kusema kwamba ICU, iliyojengwa kwa ajili ya kuokoa, iliwaweka wafanyakazi wake mstari wa mbele bila wao kujua adui ni nani.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuonywa. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda, ikawapata watu 425 na kuua 224. Dakta Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, ndiye aliyeutambua ugonjwa huo mapema na kuanzisha wodi ya kuwatenga wagonjwa. Wenzake walisimulia kwamba aliitwa usiku kwa muuguzi mwenzao aliyekuwa akihangaika kupumua na kukohoa damu. Alivaa barakoa, gauni na glavu, lakini hakuvaa miwani ya kinga. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000. Kisa chake kinafundisha jambo mahususi kuhusu njia ya hewa: macho nayo ni mlango, na dharura ya pumzi ndiyo inayomfanya hata bingwa wa tahadhari akimbilie kitandani kabla ya kukamilisha mavazi.

Utafiti wa magonjwa ya hewa unaelekea hukohuko. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012, yakikusanya tafiti za mlipuko wa SARS wa mwaka 2003, yalionyesha kwamba wahudumu walioshiriki kumwekea mgonjwa mpira walikuwa na uwezekano wa kuambukizwa zaidi ya mara sita ya wenzao. Kuhusu ufyonzaji pekee ushahidi wa mapitio hayo ulikuwa hafifu zaidi, lakini ufyonzaji wa wazi huhesabiwa miongoni mwa kazi zinazoweza kurusha chembechembe hewani, na kinga yake inajulikana: glavu, gauni, kinga ya macho au ngao ya uso, na barakoa ya N95 palipo na shaka ya kifua kikuu au ugonjwa mwingine wa hewa.

Kigali iliuonyesha ulimwengu pia upande wa matumaini. Chanjo ya majaribio ya Taasisi ya Sabin iliwasili tarehe 5 Oktoba 2024 na wahudumu wakaanza kuchanjwa siku iliyofuata. Wagonjwa walipewa remdesivir na kingamwili za majaribio. Na tarehe 20 Oktoba, akiwa Kigali, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alieleza kwamba wagonjwa wawili wa Marburg waliokuwa kwenye mashine za kupumulia walitolewa mipira na kupona, jambo ambalo shirika lake liliamini halijawahi kutokea barani Afrika. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 20 Desemba 2024, vifo vikiwa 15, sawa na asilimia 23, wakati milipuko iliyotangulia kwingineko iliua kati ya asilimia 24 na 88.

Wagonjwa wale wawili wanastahili kutafakariwa. Mtu hakai kwenye mashine na kutoka salama bila kufyonzwa makohozi. Maana yake ni kwamba wauguzi, ndani ya mavazi mazito na joto lake, waliikaribia midomo ya watu wenye Marburg tena na tena, baada ya kuwaona wenzao wakifa kwa ugonjwa uleule. Waliweza kwa sababu safari hii walikuwa na mavazi, maji, mafunzo, wenzao wa kuwasimamia na idadi ya watu inayotosha. Walipokingwa wao, wagonjwa walipona.

Chupa moja, kinga mbili

Hoja yangu inaonekana wazi kuliko popote katika kitu kidogo: chupa ya kitakasa mikono. Virusi vya Marburg vimevikwa ganda la mafuta, na pombe huliyeyusha. Klebsiella na Acinetobacter nazo hufa kwa pombe hiyohiyo. Sekunde 20 hadi 30 za kusugua mikono kabla ya kufyonza humlinda mgonjwa. Sekunde kama hizo baada ya kufyonza humlinda muuguzi, na mgonjwa wa kitanda cha pili. Glavu hazichukui nafasi yake. Muuguzi aliyevaa glavu zilezile kutoka kitanda kimoja hadi kingine ameikinga ngozi yake na kuwasafirishia vijidudu wengine.

Bei isiwe kisingizio. Daktari Didier Pittet wa Geneva na wenzake walitoa fomula ya kitakasa mikono bila kudai malipo, na Shirika la Afya Duniani likaichapisha ili famasia ya hospitali yoyote iweze kukitengeneza. Kwa lita 10 huhitajika ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, na maji yaliyochemshwa na kupoa ya kujazia. Kisha mchanganyiko hukaa saa 72 kabla ya kutumika. Nchi zetu zina miwa na molasi. Kule Jinja, Uganda, kampuni ya Saraya imekuwa ikitengeneza kitakasa mikono kwa ethanoli inayotokana na miwa ya hapohapo.

Muda na idadi ya wauguzi

Baada ya yote haya linabaki jambo gumu zaidi, ambalo haliuzwi dukani. Tuchukulie kwamba mgonjwa mmoja anahitaji kufyonzwa mara nane kwa siku, na kila mara, pamoja na kusafisha mikono, kuvaa, kuandaa, kufyonza, kutupa na kuandika, ni dakika 10. Hizo ni dakika 80 kwa mgonjwa. Muuguzi mwenye wagonjwa wanne angehitaji saa mbili na dakika 40 za zamu ya saa 12 kwa kazi hii peke yake, bila dawa, bila kugeuza wagonjwa, bila dharura. Akikosa muda huo, cha kwanza kuachwa kitakuwa mikono, kwa kuwa ndicho kisichoonekana. Kumlaumu muuguzi huyo kwa uzembe ni kukwepa hesabu.

Kigali ina sifa ya kuikabili hesabu ya uhaba kwa ukweli. Mwaka 2016 watafiti waliofanya kazi CHUK walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,046. Waligundua kwamba vigezo vya kimataifa vya kutambua kushindwa kwa mapafu vilitegemea mashine na vipimo ambavyo wagonjwa wengi wa Rwanda hawavifikii. Walitumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na picha ya mawimbi ya sauti badala yake, wakapata kwamba asilimia 4 ya wagonjwa walikuwa na hali hiyo, chini ya theluthi yao walifika ICU, na nusu walifariki. Marekebisho hayo, yaliyopewa jina la Kigali, yalichangia ufafanuzi mpya wa kimataifa uliofuata. Kama Kigali iliweza kuifundisha dunia namna ya kumtambua mgonjwa bila vifaa ghali, inaweza pia kuonyesha namna ya kumkinga.

Yanayotakiwa yanajulikana. Kila ICU ihesabu nimonia za mashine kwa kila siku 1,000 za mashine na kuibandika namba hiyo mahali wafanyakazi wanapoiona. Mirija ya kufyonzea iingie katika orodha ya vitu visivyoruhusiwa kuisha, pamoja na dawa za usingizi. Mashine ya kufyonzea iwe na akiba ya umeme, au iwepo nyingine ya kukanyaga kwa mguu. Miwani ya kinga ikae kitandani, si kabatini, ili dharura isimkute mtu bila macho yaliyofunikwa. Zahanati zinazopeleka rufaa zitaje dalili zote na safari za mgonjwa, wala majibu ya malaria yasifunge maswali mengine.

Na nyinyi ndugu mnaosubiri nje ya mlango, wa Kabeza na wa kwingineko, mna haki ya kuuliza zaidi ya bei ya mashine. Ulizeni kwa heshima: muuguzi mmoja anawahudumia wagonjwa wangapi usiku huu? Mirija ya kufyonzea inatosha? Kuna kitakasa mikono kwenye kila kitanda? Kichwa cha mgonjwa wetu kimeinuliwa? Mkiruhusiwa kuingia, safisheni mikono yenu kabla ya kumshika na baada ya kumwachia. Wizara na wakurugenzi wa hospitali wasisubiri Marburg nyingine ndipo wanunue glavu. ICU isiyomlinda muuguzi haiwezi kumlinda mgonjwa, na fedha inayotengwa kwa ajili ya mmoja tayari imetengwa kwa ajili ya wote wawili.